Watoto waliopotezana na wazazi vitani: wahamishwe au wabaki?

Swali hili limetoka kwa mama mmoja wa Uvira, Kivu ya Kusini:

“Ukumbi wa parokia yetu una watoto 23 waliofika bila wazazi baada ya mapigano. Wawili ni wachanga, na sita au saba ni wadogo mno, hata jina la kijiji hawalijui. Kuna bwana mwenye boti anasema atawavusha bure hadi Kigoma, kwamba kuna nyumba ya yatima inawasubiri. Wenzangu wanaona Mungu amefungua mlango. Mimi nasita. Tuwaachie? Na wakibaki, tuwatunze vipi, na wazazi tuwatafute wapi?”

Mama, pole na kazi. Wasipande hiyo boti. Kama mabomu yanaanguka kwenye ukumbi wenyewe, hiyo ni habari nyingine na nitaieleza mbele. Lakini kwa jinsi ulivyoandika, kuna mtu msiyemjua vizuri, safari ya kuvuka mpaka, na watoto ambao hawajaandikwa popote. Mambo hayo yakikutana mtoto anapotea, hata kama mwenye boti ni mcha Mungu wa kweli.

Sababu kubwa ni kwamba wengi wa hao 23 huenda wana watu wao. Kwenye kukimbia, watoto wanaopotezana na wazazi ni wengi kuliko wanaofiwa na wote wawili. Oktoba 2007, mjini Abéché mashariki mwa Chad, watu wa shirika moja la Kifaransa, L'Arche de Zoé, walikamatwa wakijiandaa kupakia watoto 103 kwenye ndege ya kwenda Ufaransa. Walisema ni yatima wa Darfur, Sudan. Watoto walipohojiwa mmoja mmoja ilionekana wengi ni wa vijiji vya Chad vya mpakani, na karibu wote walikuwa wakiishi na mtu mzima wanayemwita mzazi. Hakuna aliyekuwa amewauliza vizuri.

Sababu nyingine ni jinsi mzazi anavyotafuta. Anaanza pale mkono ulipomponyoka: njia panda, kivuko, kituo cha lori. Kisha anapita makanisa, shule na masoko ya karibu. Mtoto aliyepotea kati ya Sange na Kiliba mama yake atamuulizia Uvira, na atarudi kumuulizia tena. Kigoma hatafika, au atafika baada ya miaka. Wiki za mwanzo ndizo zenye matunda kuliko zote, na ndizo ambazo watu wenye huruma huzitumia kuwasafirisha watoto.

Sasa daftari. Anzeni leo, uji ukiwa jikoni.

Kabla ya kumhoji mtoto, mhojini aliyemleta. Huyo ndiye shahidi mkubwa, na ndiye anayeondoka mapema kuliko wote, mara nyingi asubuhi inayofuata. Chukueni jina lake, simu yake, anakoelekea, mahali hasa alipomkuta mtoto, siku na saa, mtoto alikuwa na nani, na lori au mtumbwi uliowaleta ulitokea wapi. “Nilimkuta njiani” haitoshi. Njia ipi, karibu na nini, umati ulikuwa unakimbilia wapi? Ukikosa hayo kwa mtoto wa miaka miwili, umekosa karibu kila kitu.

Halafu piga picha, kabla ya kumwogesha, kumnyoa na kumbadilisha nguo. Hapa ndipo kina mama wema huharibu bila kujua: mtoto anafika mchafu, nguo zimechanika, basi wanamsugua, wananyoa chawa, wanachoma nguo. Lakini mama aliyempoteza mwanawe ana picha ya kaptura ya bluu yenye kiraka kichwani mwake, na msuko aliousuka mwenyewe Jumamosi. Kitenge alichobebewa mtoto mchanga kina thamani kuliko cheti cha kuzaliwa. Kifue, kianike, kitie kwenye mfuko wenye namba ya mtoto, na kisitumike na mtoto mwingine yeyote.

Kila mtoto awe na namba na karatasi yake. Itifaki ya Kwanza ya 1977 iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, kifungu cha 78, ina orodha ya mambo ya kuandika mtoto anapohamishwa, na ni orodha nzuri hata kwa asiyehama: majina yote, jinsia, tarehe ya kuzaliwa au umri wa kukadiria, majina kamili ya baba na ya mama (pamoja na jina la mama la kabla ya kuolewa), ndugu wa karibu, lugha ya nyumbani na nyingine anazojua, dini, anwani ya kwao, hali ya afya, kundi la damu likijulikana, alama za mwili, tarehe na mahali alipookotwa. Fanyeni nakala tatu: moja kwenu, moja kwa Msalaba Mwekundu, moja kwenye nailoni inayofuatana na mtoto popote aendapo.

Namba yenyewe iandikwe kwa kalamu isiyofutika kwenye kipande cha kitambaa, kishonwe ndani ya nguo, na wadogo wafungwe pia mkanda mkononi. Mkataba wa Nne wa Geneva unataka watoto walio chini ya miaka 12 wawe na kitambulisho cha namna hii. Msiandike jina kwa nje. Mtu yeyote akilisoma anaweza kuliita, na mtoto akiitwa jina lake humfuata aliyemwita. Kagueni mikanda kila asubuhi, maana watoto hubadilishana kama shanga.

Kuna mambo yasiyoingia kwenye karatasi hiyo. Kama mtoto anasema baba yake ni askari, wa upande wowote, iandikwe mahali pengine panapofungwa kwa ufunguo. Orodha ya wavulana wa miaka 12 hadi 17 isibandikwe ukutani kamwe; mjini kwenu wapo watakaoisoma kama orodha ya kuandikisha jeshini.

Wale sita au saba wasiojua kijiji chao wanahitaji subira. Ahojiwe na mtu mmoja, anayejua lugha yake, kwa robo saa tu, akiwa anacheza au anakula, kisha kesho tena. Mtoto wa miaka minne ukimuuliza “Mama yako anaitwa nani?” jibu ni “Mama”. Uliza: “Majirani wakija nyumbani wanamwitaje mama?” Atakwambia “Mama Neema”, na hapo umepata mambo mawili kwa mpigo: jina ambalo soko zima linamjua nalo, na jina la mtoto mwingine wa nyumba hiyo. Liandike hivyo hivyo. Wengi hupotea kwenye makaratasi kwa sababu mwandishi alitaka jina la kitambulisho.

Endelea hivyo: Mlikuwa mnachota maji wapi, bombani au mtoni? Baba akitoka asubuhi anabeba nini, jembe, nyavu au funguo za gari? Jumapili mnaimba wapi, kuna ngoma au kinanda? Ukilala usiku unasikia nini, ziwa, magari, mashine ya kusaga? Nani alikuwa akilala pembeni yako? Mpe kijiti achore uwanja wa nyumbani mavumbini. Mwache aimbe; wimbo wa kubembelezea mara nyingi hutoa lugha ya nyumba hata mtoto akiwa amenyamaza kabisa, na mtu wa Kifuliiru, Kibembe, Mashi au Kinyamulenge atautambua hapo hapo. Andika maneno yake kama yalivyotoka, yasitafsiriwe. Neno lililokosewa matamshi linaweza kuwa jina la kilima ambacho wewe hukijui lakini mpishi wa jirani ametoka huko.

Wahojini ndugu kila mmoja peke yake, lakini msiwatenganishe kulala. Na msishangae mtoto akidanganya. Wapo walioambiwa na wazazi wafiche ukoo wao, wapo wanaosema wako peke yao kwa kuona walio peke yao wanapewa blanketi, na wapo wanaojitangaza ndugu wa rafiki waliyekimbia naye. Huyo wa mwisho msimsahihishe kwa haraka. Andikeni mnachojua, kisha muwaache pamoja.

Kuhusu wachanga wawili: tafuteni kwanza mama anayenyonyesha na aliye tayari kunyonyesha wa pili, na mwuguzi azungumze naye kuhusu kipimo cha VVU. Akikosekana, ni maziwa maalumu ya watoto wachanga, yakichanganywa na mtu yule yule kila mara kwa maji yaliyochemka. Kwa siku ni takriban mililita 150 kwa kila kilo ya mtoto. Mtoto wa kilo 4 anapata 600, ikigawanywa mara 8 ni 75 kila mlo. Mnywesheni kwa kikombe kidogo. Chupa ya chuchu haisafishiki kwenye ukumbi usio na maji ya kutosha, na kuhara kutamaliza kile njaa ilichobakiza. Mtu akileta katoni za maziwa ya unga ya kawaida, shukuruni, mtie kwenye uji wa wakubwa.

Walio na miezi 6 hadi miaka 5 wapimeni mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe. Chini ya sentimita 11.5, au miguu yote miwili ikibaki na shimo ukibonyeza kwa kidole gumba, huyo anaenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Msijaribu kumshibisha: mwili uliokonda sana ukipewa chakula kingi ghafla moyo unaweza kushindwa, ndiyo maana hospitali huanza na maziwa mepesi ya F-75, kidogo kidogo. Wanaoharisha wapewe ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Ombeni chanjo ya surua kwa wote kuanzia miezi 6, pamoja na vitamini A. Surua ikiingia kwenye ukumbi uliojaa, inasambaa kabla hamjaanza kuhesabu wagonjwa.

Maji ya kunywa, kupika na kuoga ni lita 15 kwa kila mtu kwa siku. Mkiwa 23 na walezi 6, hiyo ni lita 435, karibu madumu 22 ya lita 20. Nafasi ya kulala ni mita za mraba 3.5 kwa mtu, kwa hiyo ukumbi wa mita 10 kwa 10 tayari umewajaa. Choo kimoja kwa watu 20, cha wasichana kiwe peke yake, kiwe na taa na komeo la ndani. Usiku walezi wawili macho, asiwepo mtu mzima mmoja peke yake na watoto, awe padri, mzee wa kanisa au mfadhili. Wageni waandike majina mlangoni.

Walezi wasibadilishane kila siku. Anna Freud na Dorothy Burlingham, walioendesha nyumba za kulelea watoto huko Hampstead, London, wakati wa Vita vya Pili, waliona watoto waliotunzwa na yeyote anayepatikana wakidorora. Walipowagawa katika vikundi vidogo mithili ya familia, kila kimoja na mlezi wake, mabadiliko yalikuja haraka, yakianza na vilio na wivu, kisha utulivu. Kwenu mama mmoja achukue watoto wanne hivi, wakiwemo ndugu pamoja, awalishe, awalaze, awajue. Wakubwa wa miaka 10 na kuendelea wanaweza kuwa wanane kwa mlezi.

Hata hivyo ukumbi usigeuke nyumba ya yatima. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu ya Goma, Julai 1994. Wakimbizi wa Rwanda zaidi ya 800,000 waliingia kwa siku chache, kipindupindu na kuhara damu vikaua karibu 50,000 katika mwezi wa kwanza, na vituo vya watoto vikaota kila kona. Mwanzoni vilikuwa mahali pa kufa: watoto wengi, walezi wachache, ugonjwa mmoja ukiingia unapita nao. Mambo yalipotulia likaja tatizo la upande wa pili. Chakula cha kituoni kikawa bora kuliko cha kambini, na baadhi ya wazazi wakawaacha watoto humo kwa makusudi, kwa sababu ndivyo mzazi mwenye akili angefanya. Kituo kikawa kinazalisha “yatima”.

Njia iliyo bora ni familia. Tafuteni kwanza shangazi, mjomba, bibi, au jirani wa kijiji alichotoka mtoto. Wakikosekana, familia ya kupokea kwa muda, zile mnazoziita FAT huko kwenu. Iwe inazungumza lugha ya mtoto, ina watoto wake wanaokwenda shule, haichukui zaidi ya wawili au watatu isipokuwa ni ndugu, na imekubali kwa maandishi kwamba mtoto ana wenyewe. Mnapoisaidia, saidieni nyumba nzima: gunia la unga kwa wote, si sabuni ya mtoto mmoja, maana ukimpa mgeni peke yake, atachukiwa na wenyeji wake. Fedha taslimu kila mwezi kwa kichwa cha mtoto huleta wanaotaka fedha. Mtembelee mtoto kila wiki mwezi wa kwanza, mara nyingine bila taarifa, na uongee naye pembeni. Cha kutazama ni mikono, uzito, na kama yeye peke yake ndiye anayechota maji wakati wa shule. Ofisi ya serikali ya ustawi wa jamii, Affaires Sociales, yaani DIVAS, wajue kila aliyewekwa wapi. Kongo ina sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009, na kumhamisha mtoto kimya kimya kunaweza kuwaweka nyinyi pabaya.

Kutafuta wazazi ni kazi ya Msalaba Mwekundu wa Kongo pamoja na CICR, yaani Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Fomu zenu zikifika kwao zinaweza kulinganishwa na za wazazi walioandikwa Bukavu, Burundi au kambi ya Nyarugusu, Kigoma, jambo ambalo nyinyi hamliwezi. Baada ya vita vya Rwanda waliandikishwa watoto zaidi ya 100,000 katika nchi kadhaa, na makumi ya maelfu walirudi kwa ndugu zao kwa sababu mashirika yalikubali kutumia fomu za aina moja badala ya kila moja kuwa na daftari lake. Kama mtoto anajua anwani, kuna ujumbe wa Msalaba Mwekundu: karatasi ya habari za kifamilia tu, inapita wazi, bila siasa.

Ninyi mnaweza kufanya ya karibu. Someni matangazo ya jumla ibadani na msikitini, ulizeni wanawake sokoni siku ya gulio, wekeni ubao wa picha za wadogo. Picha iwe na namba tu. Hakuna jina, hakuna kijiji, hakuna nguo alizovaa, na isipande kwenye WhatsApp. Kila unachobandika ni jibu unalompa tapeli kabla hujamuuliza swali.

Kwa maana watakuja wanaodai. Mtu akisema “huyu ni wangu”, asipelekwe kwa mtoto. Aketi, aeleze mwenyewe: alivaa nini, kovu liko wapi, lilitokana na nini, jina la utani, nani alilala naye, na siku ya kukimbia ilikuwaje hadi wakaachana. Halafu mwulizeni mtoto pembeni, kisha mlinganishe. Tofauti ndogo za tarehe si kitu, watu wanaokimbia hawashiki kalenda. Mzazi wa kweli mara nyingi hutaja jambo ambalo hamkuliuliza. Kwa walio chini ya miaka mitano, kumkimbilia mtu na kumwita mama si ushahidi. Mtoto mpweke humwita hivyo yeyote mwenye sauti laini. Kitenge kwenye mfuko ni ushahidi. Mtoto mkubwa naye asikilizwe akikataa kwenda, kuna sababu. Makabidhiano yawe na sahihi, mbele ya DIVAS au Msalaba Mwekundu na shefu wa mtaa.

Sasa, kama vita vikifika ukumbini. Sheria haikatazi kuwatoa watoto kwenye hatari. Itifaki ya Pili ya 1977, inayohusu vita vya ndani, inataka wahamishwe kwa muda, mahali salama zaidi ndani ya nchi, kwa idhini ya wazazi au walezi kila inapowezekana, wakifuatana na watu wanaowajibika kwao. Kuvuka mpaka ni hatua ya mwisho, na hapo DIVAS, UNHCR na UNICEF wawe wanajua kabla boti haijang'oa nanga. Familia nzima ihame pamoja ikiwezekana. Walezi wale wale waende nao. Nakala ya orodha ibaki Uvira kwa mtu ambaye hatahama, na mlangoni liachwe tangazo la mahali pa kuulizia.

Tofauti ya hayo inaonekana katika Vita vya Pili. Ufini ilipeleka zaidi ya watoto 70,000 nchi jirani, wengi wao Uswidi, bila wazazi, vibao shingoni. Wengi walikaa na familia njema, lakini wadogo walisahau Kifini, wakirudi hawaelewani na mama zao, na maelfu hawakurudi. Watoto wa Poland waliotoka Urusi kupitia Iran kuanzia 1942 walikwenda mbali zaidi, wengine hadi Tengeru karibu na Arusha, kambi ya watu kama 5,000. Walikuja na walimu wao na mapadri wao, wakasoma kwa Kipoland. Yatima wengi hawakuona tena nyumbani, lakini lugha na dini walibaki navyo, na walijua wao ni kina nani.

Watakaokosa mtu wao baada ya miezi wabaki kwenye familia walizozoea, faili zao wazi. Atakayekuja na habari ya kumuasili mmoja wao, yaani kumfanya mwanawe kisheria, hasa mgeni kutoka nje, jibu ni hapana kwa sasa; UNHCR hutaka utafutaji uendelee kwa kawaida angalau miaka 2 kabla suala hilo kufikiriwa. Namba zao za karatasi msizitoe kwa watoto wengine watakaofika, na mkibadilisha ofisi au padri akihamishwa, faili zikabidhiwe kwa kuhesabiwa moja moja, pamoja na mifuko ya nguo.